Mawe Matatu Niliyoyaruka

Jumatatu, 3 Juni

Mpunga umekauka nusu. Nimeugeuza mara tatu. Kuku wa jirani hawana adabu, wanasubiri nigeuke tu. Mwanangu Tusa amelala kwenye kivuli cha mkakao, mdomo wazi. Miezi tisa sasa. Meno mawili.

Saa nne wifi Sekela kaja na ujumbe wa Mzee. Mzee ni baba mkwe wangu. Nyumba yake iko hatua ishirini kutoka kwangu, na tangu niolewe hatujawahi kutazamana usoni. Akitoka anakohoa, mimi nageukia migomba. Chakula namwekea kwenye kigoda, nagonga kifuniko, naondoka. Tusa namlaza mkekani, naingia ndani, ndipo anakuja kumchukua. Nasikia wanacheka wawili. Akiwa na neno na mimi, anampa wifi. Jina lake silitamki. Hata la mtu baki mwenye jina hilo silitamki, na wako wengi, huku kila ukoo una mmoja au wawili. Humu ndani pia sitaliandika. Nimelelewa hivyo. Sioni uzito.

Ujumbe wenyewe. Jana kanisani walisoma tangazo. Mto umekula ukingo mpaka kwenye uzio wa makaburi ya zamani ya misheni, kule karibu na ziwa. Wanataka kujenga ukuta. Kila mwenye mtu wake pale aende amtambue, apewe kibali, amhamishe. Mwisho Ijumaa tarehe 21. Ambao hawatatambuliwa watazikwa shimo moja.

Mama yake Mzee yuko pale. Nilikuwa sijui. Miaka yote nadhani amezikwa hapa Bujonde na wengine, nyuma ya migomba. Kumbe hapana. Alikuwa akifua nguo za hospitali ya misheni, akafia huko huko, wakati wa mafuriko. Mashamba yote yalikuwa maji, mwili haukuweza kuletwa nyumbani. Mzee alikuwa mdogo. Baba yake akamchukua wakaenda Chunya kwenye dhahabu. Karudi mtu mzima, na kaburi hakuenda kulitafuta. Wifi anasema alikuwa anaona aibu kuuliza mahali alipo mama yake mwenyewe.

Sasa macho yake yana ukungu. Wifi hakusoma. Mume wangu yuko Kasumulu mpakani, anapakia mizigo, anarudi Jumapili. Mwenye kujua kusoma hapa nyumbani ni mimi, darasa la saba.

Kwa hiyo niende mimi.

Jina la mama yake ni Subilaga. Hilo naruhusiwa.


Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda. Baiskeli ya mume wangu, Tusa mgongoni. Mwendo wa saa moja na nusu, njia ina mchanga ukikaribia ziwa.

Nilidhani nitaogopa. Sikuogopa. Ni mahali pa kawaida, nyasi ndefu, ukuta wa mawe umeanguka upande mmoja. Mto unasikika. Ukisogea mbele unaona ardhi imekatwa wima kama mkate. Safu ya mbele yote imeshakwenda na maji.

Yuko karani wa mradi, anaitwa Hamisi, katokea Singida. Ana meza, mwavuli na kopo la rangi nyeupe. Anaandika namba kwenye mawe. Nikamuuliza Subilaga yuko wapi. Akasema yeye ana namba tu, majina wanakuja nayo wenyewe. Nitafute.

Basi nikatafuta. Nimejifunza mengi. Wajerumani wako upande wa juu, misalaba ya chuma, imepata kutu lakini imesimama. Kuna watoto wao wawili, ndugu, wamekufa wiki moja. Jiwe moja, majina mawili. Nikakaa pale muda. Nikamtoa Tusa mgongoni nikamnyonyesha, bila hata kufikiri kwamba nimekaa juu ya ukingo wa kaburi lao. Mama yao yeye sikumwona. Labda alirudi kwao. Sijui mtu anarudije kwao akiwaacha wawili.

Kuna kaburi moja refu limeandikwa WAPAGAZI. Basi. Hakuna jina hata moja.

Kuna mwalimu. Kuna mkunga, limeandikwa alizalisha watu wengi. Nilitamani kujua wangapi.

Wenyeji wako chini, mawe madogo. Maandishi mengine yamefutika, nilikuwa napitisha kidole. Niliamua kunakili yote, jiwe kwa jiwe, ili nimsomee wifi, maana yeye anajua koo. Mawe matatu yana jina la Mzee kwa herufi kubwa. Hayo nilichora mstari tu, nikapita.

Subilaga hayupo.

Mkono unauma. Nimejaza kurasa nne.


Ijumaa, 7 Juni

Jioni nimemsomea wifi orodha. Tulikaa jikoni tunamenya ndizi. Nilisoma kwa sauti kubwa kidogo kwa sababu najua Mzee alikuwa nje ya mlango wake anasikiliza. Redio aliizima.

Wifi alijua wengi. Huyu mjomba wa fulani. Huyu ndiye aliyekuwa na ng'ombe mwenye pembe moja. Huyu alimkimbia mkewe. Ananitania kwamba makaburi nayasoma kama muhtasari wa kikao. Nilipomaliza akaweka ndizi chini. Akaniuliza, ndio mwisho? Ndio mwisho.

Akaniambia, "Wifi, serikali ilikusomesha bure kabisa."

Ni utani wake. Lakini uliniingia.

Mzee kala nusu ya sahani. Samaki hakumgusa.


Jumapili, 9 Juni

Baba Tusa kaja, mgongo unamuuma. Malori yamekaa foleni siku nne upande wa Malawi, yakafunguliwa yote kwa pamoja. Kalala mpaka mchana.

Nikamweleza. Akasema tuache. Mtu kakaa kule miaka yote hiyo, mifupa haina shida na shimo la pamoja, Mungu anajua hesabu yake. Akasema pia baba anasumbua watu.

Nilikasirika. Sikumwambia. Niliweka chai kwa nguvu tu.

Alipoamka vizuri alinionyesha kitu. Nyuma ya migomba, pembeni ya kaburi la mama mkwe, pamelimwa. Pamesafishwa mstatili. Mzee kasafisha mwenyewe, kwa kupapasa. Ameshindilia hata udongo. Amepanga matofali manne kwenye pembe.

Baba Tusa akakuna kichwa. Akasema basi nenda tena.

Nina matumaini. Sijui kwa nini ninayo, lakini ninayo.


Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda tena. Karani kanikumbuka, kamwita Tusa mchumba. Leo alikuwa na kitabu cha maziko cha kanisa, cha zamani, kipo kwenye mfuko wa nailoni. Ametoa vitu vyake vyote mezani kabla ya kukifungua. Mwandiko umelala, wino wa kahawia.

Kitabu kinasema kila mtu aliuawa na nini. Homa. Homa. Kuzaa. Maji. Homa. Mamba mmoja.

Tukatafuta wakati wa mafuriko, karani anafungua, mimi nasoma. Tukampata. Mfua nguo wa hospitali, wa Bujonde, amebatizwa Lea, ameacha mtoto mmoja wa kiume. Mwili ulichemka ghafla. Nadhani maana yake ni homa pia.

Nilifurahi mpaka nikamshika mkono karani. Ndiyo sababu Subilaga hayupo, wamemwandika kwa jina la ubatizo. Nikafungua daftari langu palepale. Kurasa nne. Nikashuka na kidole.

Hakuna Lea.

Nikarudia. Hakuna. Tusa alikuwa amepata moto, analia, mvua nayo inanyemelea kutoka ziwani. Karani akaangalia ule ukingo uliokatika. Akasema taratibu, kama hayupo kwenye hilo daftari lako, dada, basi alikuwa safu ya mbele.

Safu ya mbele iko ziwani.

Nimerudi na mvua. Tusa anapumua kwa pua imeziba. Nimemkanda.


Alhamisi, 13 Juni

Nimemwambia wifi. Wifi kamwambia Mzee. Nilisikia kila neno kwa sababu ukuta ni wa matete. Wifi alisema kwa upole, kwa Kinyakyusa, alimwita tata, yaani baba, na wifi si mtu wa upole.



Mchana nimemlaza Tusa mkekani kama kawaida, nikaingia ndani. Nikasubiri. Hakuja. Tusa kacheza na mkeka peke yake, baadaye akaanza kulia. Nikamchukua.


Jumamosi, 15 Juni

Siku mbili Mzee hajatoka ila kwenda chooni. Chai anakunywa. Ugali anarudisha.

Nimetwanga mpunga kidogo wa kujaribu. Mchele unanukia vizuri, nimempikia huo. Karudisha.

Sijisikii vizuri. Sikufanya kosa lolote lakini najisikia kama niliyefanya.


Jumapili, 16 Juni

Mzee kasema kitu. Kamwambia wifi kwamba akachotewe udongo pale ukingoni, kiganja kimoja tu, unatosha. Ataufukia pale alipolima.

Baba Tusa kasema ataleta Jumapili ijayo. Wifi alikuwa anamenya ndizi za mbalaga, za kupika na nyama. Akaacha kisu, akalia, akaendelea kumenya. Nyama ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeisifia.

Tarehe 21 ni Ijumaa hii. Haituhusu tena.


Jumanne, 18 Juni

Nimeacha kazi, naandika. Ni mchana bado.

Wifi alikuja kuomba chumvi. Daftari lilikuwa kwenye kinu, Tusa kalifungua kwa kulitafuna. Wifi akamnyang'anya, akawa anaangalia tu kurasa, ananisifia mwandiko. Anasema unafanana na mistari ya siafu. Halafu akaweka kidole.

"Na hapa mbona hujaandika kitu?"

Nikaangalia. Mstari. Nikamwambia hapo kuna jina la Mzee, nimeruka. Akashuka na kidole. Na hapa? Na hapa. Mitatu.

Tukatazamana.

Akaniuliza jiwe zima umeruka, au jina tu?

Jiwe zima. Nilipoona zile herufi kubwa macho yaligeuka yenyewe. Ndivyo ninavyofanya kila mahali. Kitabu cha nyimbo kina jina hilo mbele, cha mtu aliyekuwa nacho kwanza, sijawahi kulisoma mpaka mwisho. Orodha ya kikundi cha kakao ina wawili, nikiisoma kwenye mkutano nakohoa, wanaitika wenyewe. Hakuna anayeona ajabu. Na siku ile nilipomsomea wifi, kwenye mistari ile nilikohoa, nikaendelea, na yeye hakuuliza kwa sababu amezoea nikikohoa.

Na hapa kwetu mama anaitwa nani? Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Hakuna mtu hapa Bujonde anayeniita jina langu. Mimi ni mama Tusa. Mfua nguo wa hospitali ameacha mtoto mmoja wa kiume. Wangemwandika nini kwa herufi kubwa?

Nina aibu. Mzee amelala siku tano na njaa kwa ajili ya heshima yangu.

Wifi hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema tu kesho anapanda keria ya baiskeli, twende wote.


Jumatano, 19 Juni

Wifi ni mzito. Mchangani tulishuka tukasukuma. Njia nzima anaongea, anasema baiskeli hii inampigia kelele kama mke mwenza. Tusa kapona, alikuwa anacheka.

Jiwe la kwanza ni mwanaume, mzee wa kanisa. Huyo nilisoma mstari wa chini tu, nikajua si yeye.

La pili ni mama wa mtu mwenye jina lile, lakini chini limeandikwa wa Matema.

La tatu liko karibu kabisa na ukingo. Hatua tatu kutoka kwenye mkato. Nyasi zimelifunika upande. Nilijilazimisha kutazama kuanzia juu. Mama wa. Kisha jina la Mzee, lote, limechongwa kwa kina. Kisha chini, herufi ndogo, Lea, wa Bujonde. Kisha, alifua.

Alifua. Neno hilo peke yake. Fundi labda alikuwa na nafasi ndogo, au labda waliona inatosha.

Nilikaa chini. Wifi akauliza limesemaje. Nikamwambia la juu siwezi, la chini ni Lea wa Bujonde. Akaelewa. Akalipapasa jiwe na viganja vyote viwili, hajui hata herufi moja, akasema, "Ugonile, juba." Salamu ya asubuhi tu, ya kumsalimia mama.

Halafu karani. Alitaka jina la marehemu kama lilivyo kwenye jiwe, litamkwe na mwanafamilia, aliandike. Akanielekezea kalamu. Nikamtazama wifi. Akasema, jina tu, dada, haling'ati. Wifi akamwambia huyu hawezi, ni la baba mkwe wake. Karani akacheka, siyo kwa ubaya. Kwao Singida yeye anamwita mkwewe jina na wanagombania redio. Nikamwambia kwetu ni hivi. Akasema lakini dada, si ungempoteza kabisa? Ndivyo ilivyokuwa.

Wifi akalitamka. Akaweka dole gumba. Karani akaandika, akalipiga jiwe namba kwa rangi. Ijumaa walikuwa wanafunga.

Njiani wifi akasema tumwambie baba kwamba nyasi zilikuwa zimelificha. Ni kweli nusu. Nikasema hapana, amwambie ilivyokuwa.

Akamwambia. Jioni, uwanjani, kwa sauti ya wifi ambayo majirani wote wanaisikia. Kwamba mkamwana wako alimwona mama yako siku ya kwanza, akampita, kwa sababu yako. Nilikuwa jikoni nimeshika mwiko, sijui napika nini.



Halafu Mzee akauliza kuna nini cha kula.


Ijumaa, 21 Juni

Kibali kimetoka. Kesho. Baba Tusa kaomba ruhusa, kaja na sanduku dogo la mbao, kalitengenezesha Kasumulu kwa fundi wa makreti ya nyanya. Limepigwa randa vizuri. Nimelitandika kanga yangu mpya, ile ya kijani. Wifi kaniuliza kama nina uhakika. Nina uhakika.

Majirani wameleta ndizi. Wanawake wa kwaya wameleta mchele.

Mzee kanyolewa.


Jumamosi, 22 Juni

Saa kumi jioni sasa. Watu wamebaki wachache, wanaongea mambo ya bei ya kakao.

Walikwenda alfajiri na pikapu, wanaume. Wakarudi saa tano. Sanduku lilikuwa jepesi, Baba Tusa alilibeba peke yake mapajani. Ameniambia kulikuwa na kidogo sana, na kifungo kimoja cha mfupa. Jiwe ndilo lililosumbua. Walilishusha watu wanne.

Walisali. Waliimba. Wakafukia pale Mzee alipolima. Jiwe likasimamishwa, likaegemezwa kwa matofali yake manne.

Mimi nilikuwa nyuma kabisa, upande wa wanawake, nimegeukia migomba kama inavyonipasa, Tusa mgongoni. Sikuona. Nilisikia tu.

Mwinjilisti akasema sasa lisomwe jiwe, ili wote wajue ni nani tumemleta. Akamwita Baba Tusa asome, yeye ndiye mtoto wa kiume. Baba Tusa akasogea. Nikasikia sauti ya Mzee.

"Hapana. Asome aliyemwona."

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja karibu yangu akasema jamani. Wifi akanijia. Nikamwambia siwezi, anajua siwezi. Yeye akasema baba amesema. Nikamwambia mbele ya watu wote hawa? Akasema ndiyo, mbele yao, na kwamba nikianza kukohoa atanipiga kofi.

Nilikwenda kinyumenyume kidogo, kisha kiubavu. Watu walinipisha. Mzee walikuwa wamemgeuzia kigoda atazame upande wa nyumba yake, ili tusitazamane. Nadhani aliomba mwenyewe. Niliona mgongo wake tu. Shati jeupe. Kola imekwisha. Ni mwembamba kuliko nilivyofikiri. Sijui kwa nini, miaka yote nilimfikiria mtu mpana.

Nilisoma.

Mama wa. Nikasimama hapo. Tusa alinivuta nywele. Halafu nikalisema jina la Mzee, lote, kwa sauti ya kutosha. Halikuwa gumu mdomoni. Nikasema Lea. Nikasema wa Bujonde. Nikasema alifua.

Mgongo wa Mzee ulitikisika mara moja, ukatulia. Akasema, rudia.

Nikarudia.

Akasema ndaga. Ahsante. Siyo kupitia kwa wifi. Alisema mwenyewe, akiwa ametazama nyumba yake.

Nikarudi mahali pangu. Wanawake wakanishikashika mabega. Mmoja, mama mtu mzima, alikuwa amekunja uso, akasema mambo haya yameharibika. Labda. Mwingine akamwambia ale ndizi.

Baba Tusa alipopita na sufuria aliligonga bega langu kwa lake.

Jina sitaliandika. Nilipewa ruhusa ya pale tu.


Jumatatu, 24 Juni

Baba Tusa karudi Kasumulu na gari la saa kumi na mbili. Wifi ana mafua.

Asubuhi Mzee katoka mwenyewe, kwa kupapasa ukuta, kisha fimbo. Kaenda mpaka nyuma ya migomba, kakaa chini, si kwenye kigoda. Nilikuwa nafagia upande ule. Hakujua kama nipo.

Alianza kuongea. Kinyakyusa cha zamani, maneno mengine siyajui. Alikuwa anamweleza habari za Chunya, za mkewe, za mwaka ule wa njaa. Za wajukuu, kwa majina, kuanzia mkubwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, inakwenda haraka, inajikwaa, kama ya mtoto aliyetoka kucheza akamkuta mama yake amerudi.

Niliweka ufagio chini taratibu. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani, ingawa maji yalikuwepo.